Kadhi Aliyeuacha Ukadhi: Sayyid Ahmad bin Sumeit na Riziki ya Mwanachuoni

Mhadhara uliotolewa Kona ya Musa, Diani, Kaunti ya Kwale

  Ndugu zetu wa makanisa mliokuja kutusikiliza, huko mbele nimewawekea askofu mmoja, msije mkasema mmesahauliwa.

Nimeombwa nizungumze juu ya mwanachuoni aliyepoteza cheo kwa kuifuata dhamiri yake. Pwani yetu haina uhaba wa watu hao, ila tumezoea kuwataja mara moja katika dua na kuendelea na mengine. Jioni hii nataka tukae na mmoja: Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeit, kadhi wa Kishafii wa Unguja, ambaye katikati ya miaka ya 1880 alihitilafiana na Sultani wa Unguja, Sayyid Barghash bin Said, akauacha ukadhi na kuondoka nchini. Umri wake ulikuwa haujafika miaka 30.

Nitasema mapema ninachokiamini, ili anayetaka kubisha aanze kujiandaa. Tunapowasifu watu wa namna hii huwa tunausifu ujasiri wao. Ni haki yao. Lakini hatuulizi walikula nini siku ya pili. Mimi naona swali hilo la chakula ndilo linaloamua ni wanavyuoni wangapi wataweza kusema hapana, na ni wangapi watameza mate wakanyamaza.

Sayyid Ahmad alizaliwa Itsandraa, Ngazija, mwaka 1861. Babake, Sayyid Abubakar, alitoka Shibam ya Hadhramaut, ule mji wa majumba marefu ya udongo, akaja upande huu kama walivyokuja masharifu wengi kabla yake, na ilimu kifuani na bidhaa jahazini. Mtoto akalelewa katika vyote viwili. Alisoma fiqhi, na alisoma bahari. Kabla watu hawajamjua kwa ukadhi alikuwa mtu wa vyombo. Enyi watu wa Gazi, Shimoni na Vanga, ninyi hamhitaji kuelezwa hiyo ni kazi gani. Kaskazi ikivuma unateremka kusini, kusi ikishika unapanda, na nahodha anayekosea majira hukaa bandari ya watu miezi mizima akila mtaji. Kijana aliyepita huko hujifunza mambo mawili: kuamua bila kumngoja mtu, na kuishi popote chombo kitakapotia nanga. Yote mawili yalikuja kumfaa.

Akaenda Hadhramaut kuchota kwa masheikh wa huko, akarudi, akahamia Unguja, na Barghash akamweka kadhi. Kwa kijana wa miaka ishirini na kitu hicho kilikuwa cheo kikubwa mno. Hebu tukitazame kwa karibu, kwa sababu kisa chote kimefungwa humo.

Unguja ya wakati ule ilikuwa na makadhi wa madhehebu mawili: Waibadhi, madhehebu ya ukoo wa Busaidi uliotawala, na Washafii, madhehebu ya raia wengi kuanzia Barawa hadi Ngazija. Kadhi aliwekwa na Sultani, mshahara wake ukatoka kwa Sultani, na kumuuzulu kulikuwa mkononi mwa Sultani huyo huyo. Zaidi ya hayo, mdai aliyeshindwa mbele ya kadhi aliweza kwenda barazani kulalamika kwa Sultani mwenyewe. Kwa hiyo kila hukumu ya kadhi ilikuwa na jicho juu yake. Mfanyabiashara tajiri aliyeshindwa kesi asubuhi aliweza kuwa anakunywa kahawa na mtawala alasiri.

Na fiqhi nayo ina msimamo wake. Walimu waliopo hapa wanaijua kanuni: hukumu iliyotolewa kwa ijtihadi, yaani kwa juhudi ya rai ya kadhi, haitenguliwi kwa ijtihadi nyingine. Kadhi akishasikiliza mashahidi, akaapisha wa kuapishwa, akahukumu bila kwenda kinyume cha nassi ya maandiko wala ijmai ya wanavyuoni, hukumu imesimama. Hata yeye mwenyewe akibadilisha rai mwakani, rai mpya ni ya kesi mpya. Kisa cha Sayyidna Umar na mirathi ya ndugu wa mama mmoja pamoja na ndugu wa baba na mama mmekisomesha mara nyingi. Aliamua hivi mwaka mmoja na vile mwaka mwingine, wala hakuirudia ile ya kwanza kuibomoa. Lau si kanuni hiyo, hakuna mjane ambaye angelala akijua kuwa nyumba aliyohukumiwa jana bado ni yake leo.

Masimulizi ya wanavyuoni yanasema ugomvi ulianzia papo hapo. Sultani aliingilia kazi ya kadhi wake, akataka hukumu igeuzwe, na kadhi akakataa.

Sasa, tusimfanye Barghash zimwi. Huyu ndiye aliyeleta maji ya bomba mjini Unguja, akajenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, akaleta mtambo wa kupiga chapa vitabu vya dini. Alikuwa mtu wa ibada na mpenda elimu. Lakini angalieni tarehe. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake na kuuelekezea mji mizinga. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani wakakaa wenyewe, wakapima, wakamwachia visiwa vyake na ukanda wa pwani wa maili 10 kwenda bara, ukanda ambao sisi tumeketi ndani yake sasa hivi. Mtu ambaye kwa miaka mingi alijiona bwana wa njia zote hadi maziwa makuu anaambiwa mwisho wako ni hapa. Mtawala wa aina hiyo, akishashindwa na manowari, huwageukia wale anaowaweza. Kadhi anamweza.

Sayyid Ahmad akaondoka. Hakwenda kujificha kijijini. Alikwenda Istanbul, makao ya Sultan Abdulhamid wa Pili wa dola ya Uthmaniya. Akapokewa na Sayyid Fadhl bin Alawi, sharifu mwenzake wa asili ya Hadhramaut, na huyo naye alikuwa mzoefu wa kufukuzwa. Waingereza walimtoa Malabar mwaka 1852 kwa kuwaogopa wafuasi wake. Akaja akatawala Dhofar miaka ya 1870, na wenyeji nao wakamtoa mwaka 1879. Nadhani mazungumzo ya wawili hao yalikuwa marefu. Hapo Istanbul kadhi wetu aliyekosana na sultani mmoja akavishwa nishani ya Majidiyya na sultani mkubwa zaidi. Akapita Misri, akakaa Makka na wanavyuoni wake, akazidi kusoma.

Barghash alifariki Machi 1888. Ndugu yake, Sayyid Khalifa, akashika nchi, na Ahmad bin Sumeit akarudi Unguja na kurudishiwa ukadhi wake. Aliushika hadi alipokufa tarehe 7 Mei 1925.

Mwisho mwema, mtasema. Ndiyo, lakini nataka mumweke kando ya mwenzake ambaye mambo yake hayakwenda hivyo, na huyu anatuhusu zaidi sisi wa upande huu wa kivuko.

Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafi Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1825. Alisoma Makka, akarudi, akawa miongoni mwa masheikh wakubwa wa Kisunni wa zama zake. Alisomesha na kuandika kutetea itikadi ya Kisunni mbele ya Ibadhi, na hakuipunguza sauti kwa kuwa mwenye nchi ni Mwibadhi. Barghash alimtia gerezani. Hakuwa peke yake: Sheikh Ali bin Khamis Barwani, aliyezaliwa katika Ibadhi akahamia Usunni, naye aliionja jela ya Sultani huyo huyo. Sheikh Ali Mazrui alikaa ndani mpaka Barghash alipokufa, ndipo Khalifa akamfungulia. Akarudi Mombasa, akafa mwaka 1894.

Kwa nini mmoja aliweza kuondoka na mwingine akafungwa? Sehemu ya jibu ni jina. Mazrui waliitawala Mombasa mpaka Sayyid Said, babake Barghash, alipoichukua mwaka 1837, na hapo ukoo ukagawika, wengine Takaungu, wengine Gazi, mwendo mfupi tu kusini mwa hapa. Gazi alikuwapo Sheikh Mbaruk bin Rashid, ambaye Unguja haikupata usingizi naye. Mwaka 1882 majeshi ya Sultani chini ya Mwingereza Lloyd Mathews yalimfuata hadi ngome yake ya Mwele, huku juu milimani Shimba. Mwaka 1895 Waingereza wakaipanda Mwele hiyo hiyo wakaivunja, na Mbaruk akavuka mpaka kwa Wajerumani mwaka 1896. Basi Mazrui wa Mombasa anapopanda mimbari kuipinga itikadi ya ikulu, mtawala husikia darasa moja na bunduki za Gazi kwa pamoja. Nadhani kosa lililoandikwa lilikuwa dini, na hofu iliyofichwa ilikuwa Mbaruk.

Sehemu ya pili ya jibu ndiyo ninayoitafuta. Ibn Sumeit alikuwa na mahali pa kwenda na kitu cha kufanya akifika. Alikuwa na ukoo kuanzia Ngazija hadi Shibam, kazi ya bahari mkononi, na ilimu iliyokubaliwa katika bandari nne tano. Mshahara wa Unguja ulikuwa mlango mmoja miongoni mwa milango yake. Sheikh Ali alikuwa mtu wa Mombasa, watu wake Mombasa, darsa yake Mombasa. Ujasiri walikuwa nao sawa, na pengine wa Sheikh Ali ulizidi.

Tunampata askofu hapa. Miaka michache kabla ya hapo, kusini ya mbali, Natal, alikuwapo John William Colenso, Mwingereza, mwandishi wa vitabu vya hesabu vilivyosomwa shule nyingi za kwao. Alikuwa askofu wa Natal tangu mwaka 1853, akakijua Kizulu hadi akakitungia sarufi na kamusi. Akitafsiri Biblia pamoja na William Ngidi, Mzulu aliyekuwa msaidizi wake, aliulizwa swali jepesi: hiki kisa cha gharika, wewe unaamini kilitokea hivi hivi? Askofu akaona haya kusema ndiyo bila kufikiri. Akakaa na Taurati na hesabu zake, akaanza kuchapisha vitabu mwaka 1862, na Kanisa likawaka moto. Mwishoni mwa mwaka 1863 Askofu Robert Gray wa Cape Town alimhukumu na kumvua uaskofu. Mwaka 1866 akamtenga kabisa.

Maoni yake juu ya Taurati hayanihusu leo, na wengi wenu hamtayakubali. Kinachonihusu ni kwamba hakuondoka. Mahakama za Uingereza zilisema Gray hakuwa na mamlaka ya kisheria ya kumvua, na mwaka 1866 zikaamuru aendelee kulipwa pato lake. Kwa pato hilo alibaki nyumbani kwake Bishopstowe, na mwaka 1874, wakati serikali ya Natal ilipomhukumu Langalibalele, mtawala wa Wahlubi, katika kesi ya dhuluma, mzungu aliyesimama kumtetea kwa kalamu hadi London alikuwa ni huyu askofu aliyefukuzwa. Angekuwa amerudi Uingereza kutafuta parokia, Wahlubi wangepata nani?

Turudi kwa kadhi wetu, maana sijamaliza naye, na sehemu hii ndiyo inayonisumbua. Alirudi Unguja mwaka 1888. Miaka miwili baadaye Waingereza wakatangaza himaya yao. Kuanzia hapo hadi mwaka 1925 alikaa katika ukadhi uliokuwa ukipunguzwa mwaka baada ya mwaka. Majaji wa Kiingereza wakaja kuketi juu, na kadhi akaelekezwa kwenye ndoa, talaka na mirathi. Yule kijana aliyekataa kuguswa hukumu yake moja, alipofikia utu uzima aliikubali serikali iliyoichukua mahakama karibu nzima. Je, dhamiri ilichoka?

Nimelifikiri hili sana. Rai yangu ni kwamba aliona ukadhi mdogo usioingiliwa ni bora kuliko mkubwa unaochezewa. Barghash alimtaka aseme kwa ulimi wake kwamba alichokihukumu hakukihukumu. Waingereza walizichukua kesi nyingine wakaenda nazo, wasimtake aziwekee mhuri wake. Kwa mtu wa fiqhi hiyo ni tofauti kubwa. Anayeona nimemhurumia kupita kiasi ana haki yake, na vijana wa Unguja wa siku zile huenda walimwambia hivyo hivyo. Lakini katika miaka hiyo alisomesha, akatoa fatwa, akaandika, na kitabu chake kuhusu istilahi za Minhaj ya Imam Nawawi bado kinachapishwa. Yeye na rafiki yake Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, waliwafunza karibu wote waliokuja kuwa masheikh wa pwani katika karne iliyopita.

Mmoja wa waliosoma kwao alikuwa yatima kutoka Mombasa. Jina lake Al-Amin, mwana wa yule Sheikh Ali aliyefungwa. Alizaliwa mwaka 1891, babake akafa yeye angali mdogo, akalelewa na Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Mwana huyu ndiye aliyetoa magazeti ya Al-Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwakemea Waislamu wa pwani kwa uvivu, kwa israfu za harusi na matanga, na kwa kuwaachia wengine elimu. Alikemea bila kuomba ruhusa. Kisha akawekwa kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi kufa kwake mwaka 1947. Alipoushika ukadhi, Al-Islah halikuishi sana. Nawaachia ninyi mpime: babake alipoteza uhuru kwa kusema, na mwana alipopata cheo, gazeti likafa. Cheo kina bei hata kwa anayekipata kwa heshima.

Na haya yote tunayajua kwa sehemu kubwa kwa sababu Sheikh Abdalla Saleh Farsy aliyakusanya katika kitabu chake cha wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki. Naye hakuwa msimulizi wa mambo ya mbali. Alikuwa Kadhi Mkuu wa Zanzibar tangu mwaka 1960, akaondoka visiwani mwaka 1967, miaka mitatu baada ya Mapinduzi. Kenya ikampokea na mwaka 1968 ikamfanya Kadhi Mkuu wake. Mwaka uliofuata tafsiri yake kamili ya Qurani kwa Kiswahili ikatoka. Tazameni tena: alikuwa na pa kufikia. Mlango wa Mombasa ungefungwa, tafsiri ile ingekuwa wapi?

Sasa tuje hapa petu. Katiba ya mwaka 2010, vifungu vya 169 na 170, imewaweka makadhi ndani ya mahakama za nchi, wakisikiliza ndoa, talaka, mirathi na hali za watu pale pande zote mbili zinapokuwa za Waislamu na zinapokubali kwenda kwao. Anayewaajiri ni Tume ya Huduma za Mahakama. Kwa hiyo kadhi anayeketi Kwale leo hamwogopi Barghash yeyote. Akiamua mirathi ya shamba la ufukweni baina ya mtoto wa marehemu na mpwa anayedai kwa mila ya ujombani, na ninyi Wadigo mnajua kesi hizo zilivyoanza zamani na zinavyouma tangu ardhi ya Diani ipande bei, aliyeshindwa atakata rufaa Mahakama Kuu kwa karatasi. Hatakwenda kunywa kahawa na mtu. Tumepiga hatua, na tuseme hivyo.

Lakini nje ya mahakama tuna masultani wadogo tele. Imamu wa msikiti, ustadhi wa madrasa, mchungaji wa kanisa dogo la mabati, hawa ndio wanavyuoni ambao wengi wenu mnakutana nao, na mishahara yao haina tume. Inatoka kwa kamati, au kwa mfadhili mmoja, au wakati wa kampeni kwa mgombea. Namjua mwalimu mmoja wa upande huu wa pwani. Ijumaa moja alihutubu juu ya kuwadhulumu mabinti mirathi kwa kuuza kiwanja cha baba bila wao kutia sahihi. Hakutaja jina. Mwenye kujijua alijijua, na mwezi ule bahasha ya mwalimu haikuja, wala wa pili. Ana watoto watano. Mwezi wa tatu khutba ilikuwa juu ya adabu za kuingia msikitini, na bahasha ikarudi. Mimi simlaumu. Nawalaumu waliomsikiliza, wakatikisa vichwa kwa kukubali, wakaenda zao wakijua fika kwamba riziki yake ipo mfukoni mwa mtu mmoja.

Zamani pwani hii ilikuwa na dawa yake, na jina lake ni wakfu. Minazi kadhaa, nyumba ya kupangisha, kisima. Mapato yake kwa msikiti na anayesomesha, milele, wala mtoaji hana tena mkono ndani yake. Nyingi zimeliwa, tunazijua, na waliozila tunawajua. Lakini sheria bado ipo, na Tume ya Wakfu bado ipo.

Ombi langu basi ni dogo na ni la kufanyika. Hapa Kona ya Musa, kuanzia stendi hadi njia ya kuteremkia baharini, kuna watu wenye safu za vyumba vya maduka. Mwenye vyumba sita, chumba kimoja akifanye wakfu kwa mshahara wa mwalimu. Hati iandikwe na wakili, isajiliwe, na iseme wazi kwamba mwalimu hataondolewa kwa alichokisema mimbarini ila kwa kikao cha masheikh watatu wasiotoka mtaa huu. Wenzetu wa makanisa wanaweza kufanya kama hivyo kwa wachungaji wao kupitia wadhamini wao. Wasio na vyumba wachange kiwanja. Katibu ameketi pale mlangoni na daftari; majina na namba za simu mwandikisheni yeye kabla hamjatoka, na kikao cha kwanza tukifanye kabla ya Ramadhani.